Spesa Nilizozipaka Rangi

Mkinikuta sokoni nikichagua viazi mtanipisha kwa heshima, mtaniita mathe au shosho, kama mama au nyanya yenu, na mtapita. Hamtajua kwamba vidole hivi vimechonga chuma mjini Nakuru kwa miaka thelathini na mmoja, kwenye mashine ya leth, ile inayozungusha chuma kwa kasi huku kisu kikikila kidogo kidogo mpaka kitoe umbo unalotaka. Nimechonga bushi za malori yaliyokwama Mai Mahiu, shafti za mashine za kukamulia maziwa, puli za posho mill, hata mguu wa kitanda cha hospitali. Nyingi ya kazi hizo zilitoka vizuri na nimezisahau. Nataka kuwaambia nyinyi mnaojifunza ufundi leo habari ya kazi moja niliyoiharibu, na ya mtu aliyebeba lawama yangu.

Lakini kwanza mjue nilitoka wapi. Nilianza na ufagio. Karakana ilikuwa ya Mzee Gurdial, Singasinga mwenye ndevu nyeupe na sauti ya chini, upande wa viwanda karibu na reli. Aliniajiri kufagia vumbi la chuma na kupika chai. Siku moja akanikuta nimesimama nyuma ya fundi, ufagio mkononi, nikitazama. Hakuniuliza kama mwanamke anaiweza ile kazi. Aliniuliza, "Wewe unaona nini hapo?"

Nikamjibu, "Naona anaanza polepole, halafu akikaribia kumaliza anaharakisha."

Akanitazama sana. "Kesho uje bila ufagio," akasema.

Siku ya kwanza kuachiwa mashine peke yangu, nilisahau ufunguo ndani ya ule mdomo unaoshika chuma. Nikawasha. Ufunguo uliruka kama risasi, ukatoboa bati la paa na kwenda kuanguka kwa jirani. Nilingoja kufukuzwa. Mzee Gurdial aliinua macho, akalitazama lile tundu, akarudi kwenye chai yake. Ila alikataa lizibwe. Msimu mzima wa mvua nilichonga chuma huku matone yakinidondokea shingoni, na kila tone lilinikumbusha nitoe ufunguo kabla ya kuwasha. Mvua zilipokwisha alileta bati jipya mwenyewe, na habari hiyo hatukuizungumza hata mara moja.

Basi kufika mwaka wa elfu mbili na saba, mimi ndiye niliyekuwa fundi mkuu wa leth pale. Wengi walinijua kama Mama Nyokabi, kwa jina la binti yangu. Nilikuwa na koti langu la kazi, stuli yangu, na kiburi changu pia, ambacho sikujua kama ninacho.

Mwaka huo alitujia Kiprono. Alikuwa mkulima wa Keringet, ng'ombe wa maziwa na shamba la viazi, na akili zake zote zilikuwa kwenye mbio za magari. Alikuwa na gari dogo la buluu alilolitoa viti vya nyuma na kulijaza mabomba ya chuma ndani ili likipinduka lisiwaponde. Dada yake Chebet, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyekaa kando yake na daftari akimsomea kona kabla hawajazifikia. Na fundi wake wa gari alikuwa Otieno, mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuhesabu kwa sauti anapofunga nati. Ukimsikia "tatu, nne, tano" kutoka chini ya gari, ujue ni yeye.

Kiprono alikuwa ameweka breki mpya, kubwa kuliko za mwanzo. Shida ni kwamba rimu ilikuwa ikizikwaruza kwa ndani. Pia alitaka gari lisimame kwa upana zaidi, lisiyumbe kwenye kona za changarawe.

"Mathe, nataka spesa," akaniambia. "Milimita ishirini na tano, magurudumu yote manne."

Spesa ni kisahani kinene cha alumini chenye matundu. Kinakaa kati ya gurudumu na habu, yaani ile sehemu inayozunguka ambayo gurudumu linafungwa kwake. Kinalisukuma gurudumu nje. Sasa, kwenye habu kuna vile vyuma vinavyochomoza, vyenye thredi, ile mikato ya kuzunguka kama ya skrubu, ambavyo nati inafungiwa. Hivyo sisi tuliviita stadi. Ukisukuma gurudumu nje, stadi za zamani zinakuwa fupi, nati inashika ncha tu. Kwa hiyo anayeweka spesa kama zile lazima aweke na stadi ndefu. Kuna watu wanaoruka hatua hiyo. Msipande gari lao.

Miezi hiyo Mzee Gurdial alikuwa Nairobi, amekwenda kufanyiwa upasuaji wa macho na kupumzika. Kazi ikawa yangu peke yangu. Nilichonga spesa nne kwa siku mbili, na mpaka leo nasema zilikuwa nzuri. Kila moja niliichongea mdomo mdogo katikati ili gurudumu likae juu yake sawasawa, lisitegemee stadi pekee kulibeba. Nilipima, nikapima tena. Nyuso zake zilikuwa bapa kabisa, ukiweka rula juu huoni mwanga ukipita.

Hapo ningeosha mikono na kwenda nyumbani. Lakini kwenye rafu kulikuwa na mkebe wa rangi ya kupuliza, buluu, karibu sawa na ile ya gari. Nikajiambia, hizi zitaonekana. Watu watachungulia kwenye magurudumu na kuuliza zimechongwa na nani. Nikapuliza mkono wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Mbele, nyuma, ubavuni. Zikang'aa kama sahani za arusi.

Otieno alikuja kuzifunga kesho yake. Kwanza alizitoa stadi fupi, halafu akazisukuma zile ndefu kwa preshi, ile mashine ya kugandamiza, moja moja, taratibu, kutoka nyuma ya habu mpaka kichwa kikalala. Hiyo ndiyo njia. Ukizigonga kwa nyundo unaziumiza kabla hazijaanza kazi. Kisha akachukua spesa yangu, akaishika kwenye mwanga na kuikwaruza kwa ukucha.

"Mathe, hii rangi haitaleta shida?"

"Shida gani?"

"Sijui. Iko nyingi."

"Otieno, wewe funga," nikamwambia. "Spesa ni zangu, na rangi ni yangu."

Akafunga. Nilimsikia akihesabu. Alitumia ile spana inayopima nguvu, inayolia "tak" nati ikifika kiwango. Alilizungusha gari mjini kidogo, akarudi na kuzikaza tena zote ishirini, nati tano kila gurudumu. Mimi mwenyewe niliona. Hilo mlikumbuke, kwa sababu nililiona kwa macho yangu.

Wiki mbili kabla ya Krismasi walikwenda kufanya mazoezi Dundori. Mnaijua ile barabara, mashamba ya viazi huku na huku, mteremko mrefu wenye kona. Kushuka mara ya kwanza kulikuwa sawa. Mara ya tatu, breki zikiwa zimewaka moto, Kiprono alisikia usukani ukitetemeka. Kabla hajapunguza mwendo, gurudumu la mbele kushoto liling'oka. Stadi zote tano zilikatika. Gari lilishukia chuma chake, likachora mstari barabarani na kuingia mtaroni. Chebet alivunjika mkono. Kiprono alitoka na jeraha la midomo tu.

Gurudumu lenyewe liliendelea na safari. Liliruka ua, likakata shamba la viazi, likagonga mlango wa choo cha mama mmoja mzee na kuuingiza ndani. Mama huyo alikuwa ametoka humo muda huohuo. Alikuwa bado anafunga leso yake.

Walipokagua magurudumu yale matatu yaliyobaki, nati zake ziligeuzwa kwa vidole. Zote zilikuwa zimelegea.

Waliburuta gari mpaka kwetu. Kiprono akasimama uani, mdomo umevimba, mbele ya mafundi wote na madereva waliokuwa wakingoja kazi zao.

"Otieno, hukufunga," akasema.

"Nilifunga."

"Nati zote zimelegea! Zote! Dada yangu yuko hospitali. Unaniambia ulifunga?"

"Nilifunga, boss."

"Wewe ni mwongo. Chukua vitu vyako uende."

Otieno alinitazama. Nami nikainamia mashine kana kwamba kuna kitu kimenasa. Wakati huo sikujua bado kwamba kosa ni langu, hilo naweza kuapa. Lakini nilijua alifunga. Nilimwona akikaza mara mbili, na sikufungua mdomo, kwa sababu kama si yeye basi watu wangeanza kuuliza kuhusu spesa. Akapanga spana zake kwenye sanduku, akalibeba begani, akatoka kwa geti. Nimefanya makosa mengi ya chuma, lakini lile la kuinama ndilo lililonisumbua zaidi.

Yule mama wa Dundori alikataa kurudisha gurudumu. Kiprono alitengeneza mlango wa choo, ukawa mzuri kuliko wa kwanza, na bado mama akakataa. "Nataka kumwona fundi aliyetengeneza hiki kitu," alisema. "Aje mwenyewe anieleze kwa nini kilitaka kuniua nikiwa chooni."

Kwa hiyo siku nne baadaye nilipanda pikapu ya Kiprono hadi Dundori. Shosho alikuwa na zaidi ya miaka sabini, mdogo wa mwili, mwenye gamboti zenye matope. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe?" Akageuka kumtazama Kiprono, akanirudia. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo. "Ingia. Wewe," akamwambia Kiprono, "kaa nje na gurudumu lako."

Jikoni alikuwa ametenga chai. Aliinua sufuria kutoka motoni na kuiweka mezani, na niliona ameiweka juu ya kitu cha mviringo ili isiunguze mbao. Nikatazama vizuri. Ilikuwa spesa yangu. Aliiokota shambani, akaiona inafaa.

"Hiki kisahani kizuri," akasema, "lakini rangi yenu ni mbaya. Tazama."

Akainua sufuria. Spesa ikainuka nayo, imeganda chini yake. Akaitikisa mpaka ikabanduka na kuanguka mezani. Chini ya sufuria kulikuwa na duara la buluu, na kwenye spesa rangi ilikuwa imevutika kama ubani uliotafunwa.

"Kila nikiweka kitu cha moto inayeyuka," Shosho akasema. "Nimesugua sufuria hii mpaka mkono unaniuma."

Niliigusa ile rangi kwa kidole, ikazama. Na hapo nikaona kila kitu kwa mpangilio, kama mtu anayesomewa barua. Nati haishiki gurudumu kwa kuwa imekazwa tu. Inashika kwa kuwa inabana chuma juu ya chuma. Mimi nilikuwa nimeweka tabaka tatu za rangi upande huu na tatu upande ule. Gari likiwa baridi, mjini, rangi ilikuwa ngumu, na spana ya Otieno ililia "tak" kama inavyopaswa. Breki zilipowaka moto kwenye ule mteremko, rangi ililainika, ikabanwa, ikatoka pembeni. Pale ilipokuwa pakabaki nafasi nyembamba kama karatasi. Nafasi hiyo ilitosha. Nati zikalegea, gurudumu likaanza kucheza, na stadi zikapindwa huku na huku mpaka zikakatika. Ndiyo maana magurudumu yote manne yalilegea. Mtu anaweza kusahau gurudumu moja. Rangi haikusahau hata moja.

"Mbona umenyamaza?" Shosho akauliza. "Nilikuita unieleze."

Nikamweleza. Nilimweleza kama ninavyowaeleza nyinyi, nikitumia sufuria yake na kile kisahani. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Nilisikia kuna fundi mwingine amefukuzwa. Yeye ameelezwa?"

"Bado."

"Sasa unakunywa chai yangu ya nini?"

Akaninyang'anya kikombe mkononi, kikiwa nusu. Naapa. Akakifunika na kusema nitakimalizia siku nyingine.

Tuliteremka na gurudumu nyuma ya pikapu. Nilimwambia Kiprono kabla hatujafika Lanet. Alisimamisha gari kando ya barabara, akazima injini, akakaa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Mathe, mimi nilimwita mwongo mbele ya watu."

"Na mimi nilikuwa nimesimama hapo," nikasema.

Akatoa simu akapiga. Ile sauti ya mwanamke ikamjibu kwamba mteja wa nambari hiyo hapatikani. Tulipiga siku hiyo, kesho yake, na siku iliyofuata. Otieno alikuwa amekwenda kwao Siaya mapema, kwa Krismasi na kura, na hakuna aliyejua atarudi lini.

Halafu ikaja Januari, na ghasia za baada ya kura. Waliokuwa wadogo wakati huo wameshaambiwa na wazazi wao, nami sitawarudishia yote. Nakuru iliumwa. Karakana ilifungwa wiki nyingi, gari la buluu likiwa ndani juu ya mawe. Mtaani kwetu tulikuwa tukihesabiana kila asubuhi, nani yupo, nani amekwenda kwenye uwanja wa maonyesho kulala kwenye mahema. Kiprono alinipigia kutoka Keringet kuniuliza kama niko mzima, nami nikamuuliza vivyo hivyo, na kila mmoja alijibu kwa haraka kama mtu anayeogopa kuulizwa zaidi. Chebet aliandika ujumbe wa simu kwa mkono wa kushoto, herufi zimevurugika: "Mama Nyokabi, usitoke nje."

Mchana mmoja wa Februari simu ikalia. Nambari ngeni.

"Mathe, uko salama?"

Nilimtambua kwa neno la kwanza. "Otieno! Niko salama. Wewe?"

"Niko. Huku ni kutulivu. Nilikuwa naulizia tu. Na Mzee?"

Mtu niliyemwacha afukuzwe alikuwa ametafuta simu ya kuazima ili aulize kama ninaishi. Nilikaa chini kwenye kizingiti.

"Otieno, nisikilize kabla haijakatika. Ni rangi. Ni ile rangi yangu. Ulifunga sawasawa, nilikuona, na nilinyamaza. Kiprono anajua. Kosa ni langu."

Nilisikia kuku upande wake.

"Nilijua nilifunga," akasema polepole.

"Ulijua."

"Wiki zote hizi nimekuwa nikizikaza tena kichwani, mathe. Moja, mbili, tatu. Nikawa naanza kuamini nili..."

Salio likaisha. Nilishika ile simu sikioni muda mrefu, nikiongea na hewa.

Mzee Gurdial alirudi kutoka Nairobi mwezi huo. Nilimwonyesha spesa na kumwambia yote. Alifumba macho, maana alikuwa bado hayaamini, akapitisha ukucha pale nilipokuwa nimeikwangua rangi. "Umeichonga vizuri," akasema, "halafu ukaificha." Akanirudishia. Kwa mtu aliyenifundisha, maneno hayo yalitosha kunikosesha hamu ya kula siku nzima.

Otieno alikuja mwishoni mwa Machi, sanduku la spana begani. Kiprono alikuwa ameambiwa, akateremka kutoka Keringet na Chebet. Akawaita mafundi wote na madereva waliokuwepo, akasimama uani palepale.

"Nilisema hapa kwamba huyu hakufunga na kwamba ni mwongo," akasema. "Alifunga. Mwenye makosa ni mimi. Otieno, nisamehe."

Otieno akampa mkono. "Sawa, boss." Kisha akatazama pembeni. "Kuna mwingine?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Basi nikasogea mbele na koti langu la kazi nikasema yangu, rangi na kuinama, vyote viwili. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto wa shule. Otieno alitikisa kichwa kukubali.

"Nitazifunga tena," akasema. "Ila siku ya kujaribu Dundori, kwenye kiti cha Chebet atakaa mathe."

Chebet alipiga makofi.

Kazi ile tuliifanya wiki nzima, bila haraka. Nilichonga spesa nne mpya nikaziacha uchi, alumini tupu. Nilisugua uso wa kila habu kwa brashi ya waya mpaka kutu yote ikatoka, maana kutu nayo inabanwa na kutoka kama rangi tu. Stadi zote ishirini zilitupwa, hata zilizoonekana nzima, kwa sababu chuma kilichopindwapindwa kinachoka ndani na hakikuambii. Mkiweka stadi mpya, hakikisheni meno ya shingoni yanalingana na tundu la habu, vinginevyo itazunguka na nati siku ya kufungua. Ingizeni nati kwa mkono kwanza na mhesabu mizunguko. Zile zetu zilitaka kumi au zaidi. Ikiingia mitano ikagota, acha, kuna kitu hakilingani. Na thredi iingie ndani ya nati angalau sawa na unene wa stadi yenyewe. Fungeni kwa kuvuka, kama mtu anayechora nyota. Msipandanishe spesa mbili hata siku moja. Mwisho, kabla ya kwenda popote, tulitaka kujua kama tairi litagusa bodi gari likidunda, kwa hiyo mimi na Chebet tulipanda juu ya boneti tukaruka ruka kama watoto huku Otieno akigeuza usukani hadi mwisho kila upande. Mzee Gurdial alitoka ofisini, akatuona, akarudi ndani bila kuuliza.

Gari lile lilimaliza mbio zake mwaka huo, nafasi ya sita, na Chebet aliweka picha ya siku hiyo ukutani kwake. Lakini mimi nakumbuka zaidi asubuhi ile ya Dundori.

Walinivalisha helmeti juu ya kitambaa, wakanifunga mikanda mpaka nikashindwa kupumua. Kiprono akanitazama. "Mathe, uko tayari?" Nikamwambia sitakuwa tayari leo wala kesho, kwa hiyo aende. Alikwenda. Ule mteremko sikuuona, niliusikia, mawe yakigonga sakafu chini ya miguu yangu na mashamba ya viazi yakipita kama kitambaa kinachovutwa. Kila kona nilikuwa nikizitazama akilini nati tano za gurudumu la mbele kushoto. Tulishuka mara tatu, kama siku ile. Breki zilinuka. Usukani haukutetemeka.

Tuliposimama chini, karibu na vibanda, sikuweza kutoka. Otieno alifungua mlango akanyoosha mkono.

"Toka, mathe."

"Ngoja miguu irudi."

Akangoja. Tuliacha magurudumu yapoe, kisha akachukua spana ya kupima akaanza nyuma kulia. "Moja. Mbili. Tatu." Kila nati spana ililia mara moja bila nati kusogea. Gurudumu la pili vilevile. La tatu vilevile. Alipofika lile la mbele kushoto akasimama, akajifuta mikono, akanipa ile spana.

"Hili kaza wewe."

Nilipiga magoti kwenye changarawe. Nikaiweka spana kwenye nati ya kwanza na kuvuta. Tak. Niliinua kichwa nimwonyeshe, nikidhani amesimama juu yangu akihesabu. Hakuwepo. Alikuwa ameshavuka barabara kwenda kibandani, akimuuliza Kiprono kwa sauti anakunywa soda gani, na mgongo wake ulikuwa umenielekea.